Shungi la Kwanza

"Nimekuuliza nywele za mwanangu ziko wapi. Hujanijibu."

"Bi Ruatoe, kwanza keti, tuzungumze kama watu wazima."

"Sikuja kukaa. Nina wagonjwa kwenye foleni. Ziko wapi?"

Bwana Haldane, makamu wa mkuu wa shule, alishusha pumzi kama mtu anayemfundisha mtoto mzito wa kuelewa. Alikuwa mrefu na mkavu, na nywele zake mwenyewe zilikuwa fupi kiasi kwamba ngozi ya kichwa iling'aa. "Zimekatwa," alisema. "Zilikuwa zinagusa kola. Sheria ya saba inasema wazi kwamba nywele za mvulana..."

"Sheria ya saba naijua. Mmeitundika ukumbini kubwa kama dirisha. Sijauliza sheria, nimeuliza nywele."

Macho ya Bwana Haldane yakateleza, mara moja tu, upande wa chini ya meza. Mereana Ruatoe akaona. Hakuomba ruhusa. Alipiga magoti na sare yake nyeupe ya unesi, akaivuta ndoo ya taka na kuanza kuchambua. Maganda ya chungwa. Karatasi zilizokunjwakunjwa. Majani ya chai yaliyolowa. Chini kabisa, limejiviringisha kama mnyama aliyelala, shungi jeusi la nywele, refu kuliko mkono wake kutoka kiwiko hadi vidoleni.

Alilipangusa kwa kitambaa chake cha mfukoni. Mikono yake, ambayo ilikuwa imeshona majeraha ya misumeno na kupokea watoto wa nusu ya mji ule wa Waimoko, ililikunja taratibu, kama bandeji.

"Umelitupa kwenye majani ya chai," alisema.

"Bi Ruatoe, hizi ni nywele tu. Nimekuwa nikiwakata wavulana tangu nilipofika shule hii, na hakuna mama aliyekuja kuchimbua ndoo yangu. Mwanao alikimbia kabla sijamaliza. Sasa bodi inakutana Jumanne. Ama aje amekatwa vizuri, ama jina lake litafutwa."

"Shule nyingine iko ng'ambo ya milima."

"Basi unajua la kufanya."

"Ninajua," alisema Mereana, akaweka shungi ndani ya mfuko wa sare, pamoja na mkasi wake wa bandeji. "Na wewe utalijua Jumanne."

Ulikuwa mwezi wa Juni, baridi imekaza, na moshi wa kiwanda cha mbao ulikuwa umelala juu ya mapaa kama blanketi chafu. Mereana aliendesha gari hadi kliniki, akamaliza wagonjwa wake. Jioni alipofika nyumbani alimkuta mama mkwe wake, Upokoina, amekaa sakafuni karibu na hita, mfarishi umemfunika mapaja na nusu ya chumba. Ulikuwa mfarishi wa maua mekundu juu ya kitambaa cheupe, wa kushonwa kwa mkono. Huo ndio ungetandikwa juu ya kiti siku ya Ngatama kukatwa nywele.

Ngatama alikuwa kifungua mimba. Tangu azaliwe, wembe haukugusa kichwa chake, wala mkasi. Ndivyo walivyofanya kwao, kisiwani Aitutaki, na ndivyo walivyoendelea kufanya Nyuzilandi, kwenye mji huu wa magogo na umande ulioganda. Siku yake ingefika Krismasi, kijana akiwa na miaka kumi na mitatu. Nywele zingegawanywa mashungi mengi, kila moja na utepe wake. Jamaa wangeitwa kwa majina, mmoja mmoja. Kila anayekata angekuja na zawadi mkononi na angeondoka na shungi lake, na tangu hapo kijana angekuwa wake pia, wa kumlisha, kumkanya na kumsimamia. Shungi la kwanza, lililo zito kuliko yote, alikuwa amewekewa mjomba Tere, ambaye alikuwa ameshaanza kunenepesha nguruwe kule kisiwani.

Na sasa shungi la kwanza lilikuwa kwenye mfuko wa sare, linanuka chai.

Mereana aliliweka juu ya mfarishi, akaeleza yote, bila kupamba. Ngatama alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye nyusi. Hakuwa ameivua tangu asubuhi.

"Kesho naenda polisi," alimaliza Mereana. "Halafu natafuta wakili. Halafu tutaona nani atafutwa jina."

Bibi kizee alilichukua shungi, akalinusa, akakunja uso. Kisha akalinyoosha gotini.

"Kwa nini umemnyang'anya?" aliuliza.

"Nimemnyang'anya nani?"

"Huyo mwalimu. Aliyekata ndiye mwenye shungi. Wewe umeolewa humu miaka mingapi, bado hujui?"

"Mama, yule hakukata, yule ameiba!"

"Mkasi ni wake?"

"Ndiyo."

"Mkono ni wake?"

"Mama..."

"Shungi la kwanza la mtoto wa kwanza." Upokoina alitikisa kichwa polepole. Mereana alidhani analia, mpaka alipoona kwamba mabega yanacheza kwa kicheko. "Maskini ya Mungu! Kajiingiza mwenyewe. Nguruwe mkubwa kuliko wote ni wake kuleta. Yeye ndiye wa kumsimamia huyu mtoto mbele ya watu. Tere atalia, lakini tutafanyaje?"

"Huyo si ndugu yetu!"

"Sikumchagua mimi. Kajichagua. Aliyependa boga na apende na ua lake. Ngatama!"

"Naam, Bibi."

"Vua hiyo kofia, mume wangu, niione kazi ya ndugu yako mpya."

Kijana akavua. Nywele zilimwagika hadi kiunoni, nyeusi, nzito, na upande wa kushoto, nyuma ya sikio, palikuwa na pengo kama jino lililong'oka. Mereana aligeuza uso. Bibi alimvuta mjukuu chini, akapitisha vidole kwenye lile pengo.

"Kakata vibaya," alisema. "Hana uzoefu. Atajifunza. Jumapili baada ya kanisa, mkwe, unanipeleka kwake."

"Siendi."

"Basi nitakwenda kwa miguu, na magoti yangu haya, na sufuria kichwani, na mji wote utaona mkwe wangu alivyo."

Mereana alikwenda.

Sufuria ilikuwa ya majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui, na juu yake sahani ya donati, kwa sababu, kama alivyosema Upokoina, mkono mtupu haulambwi. Nyumba ya Haldane ilikuwa na bustani iliyokatwa kwa mstari, hata nyasi hazikuthubutu kuuvuka. Mwenyewe alifungua mlango akiwa na ndara za manyoya miguuni, na alipowaona, bibi kizee wa kofia ya kanisani ya ukili, kijana na kofia ya sufu, na mbele yao nesi mwenye uso wa kuchanja watoto, alirudi nyuma hatua moja.

"Mwambie tumekuja kumsalimu," alisema Upokoina, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye bei za sokoni.

"Anasema tumekuja kukusalimu."

"Mwambie nimemletea shungi lake. Wewe ulilichukua kwa ujinga."

Mereana alimgeukia Bwana Haldane. "Anasema amekuletea nywele zako."

"Umesema la ujinga?"

"Nimesema, Mama."

"Hujasema. Sijaona aibu usoni mwako."

Ngatama alikohoa ndani ya kiganja. Mke wa Bwana Haldane, mwanamke mnene mwenye macho ya kucheka, alikuwa ametokea nyuma ya bega la mumewe. "Gordon, utawaacha watu kwenye baridi?" alisema, na ndiyo ikawa njia ya kuingia.

Wakakaa sebuleni. Upokoina alitoa shungi kwenye mkoba wake. Lilikuwa limeoshwa, limepakwa mafuta ya nazi, limefungwa utepe wa manjano. Alilishika kwa mikono miwili na kulinyoosha mbele ya Bwana Haldane, na mikono hiyo ikabaki hapo hewani mpaka mtu mzima yule akalazimika kulipokea.

"Sasa fasiri vizuri," alisema, "usinichanganyie na hasira zako. Mwambie wewe umekata la kwanza. Kwetu, anayekata la kwanza ni mzazi wa kijana, sawa na baba yake. Kijana akiugua, utaitwa. Akioa, utakaa mbele. Akikosa, mchape, haki yako. Lakini mzazi hamfungii mtoto wake lango."

Mereana alifasiri. Alianza akiwa na nia ya kuyafanya maneno kuwa makali, lakini hayakukubali. Yalitoka kama yalivyokuwa, mazito na mapole, hadi lile la lango. Alikasirika tena, safari hii na nafsi yake.

Bwana Haldane alikuwa ameshikilia shungi kama mtu aliyepewa mtoto mchanga, hajui pa kumshika kichwa. "Mwambie," alisema, akiligeuza mkononi. "Mwambie ninaheshimu mila zake. Lakini sheria ni sheria. Nikimwachia mmoja, kesho ni wote."

"Anasemaje?" aliuliza bibi.

"Anakataa."

"Hajakataa. Amelishika bado." Upokoina alinyanyuka kwa kuegemea bega la Ngatama. "Mwambie sufuria nitaichukua Jumanne, kwenye huo mkutano. Aje nayo. Na iwe imeoshwa."

Ndani ya gari Mereana alipiga usukani kwa kiganja. "Tumempikia mtu aliyemvunjia mtoto heshima! Tumempikia, tumempakulia!"

"Mama," alisema Ngatama kutoka nyuma. "Rory naye ametolewa darasani."

"Rory gani?"

"Rory Tulloch. Yule tunayekwenda naye kuvua mikunga. Bwana Haldane alimwambia akakate, akasema hataki. Anakaa nje ya ofisi tangu Alhamisi, hawamruhusu darasani."

"Yeye ana mila gani?"

"Hana. Anazipenda tu."

"Basi baba yake atamsemea," alisema Mereana. "Mimi mzigo wangu unanitosha."

Ngatama alijisogeza pembeni ya kiti. Kwenye kioo Mereana aliona amevuta kofia tena, amegeukia dirishani.

Jumanne jioni ukumbi wa shule ulijaa kuliko siku ya mahafali. Upokoina hakuwa ameita mtu, alikuwa amesema tu kanisani, baada ya sala, kwamba hita za shule ni nzuri. Wakaja kina mama wa kwaya na mataji yao ya maua ya plastiki, kwa kuwa maua halisi yalikuwa yameuawa na baridi. Wakaja wanaume wa zamu ya mchana moja kwa moja kutoka kiwandani, na vumbi la mbao mabegani, akiwamo Tuteru, mume wa Mereana, ambaye kwa kawaida aliongea mara mbili kwa wiki. Alikuja akakaa kando ya mkewe, akamwekea mkono gotini. Ulikuwa msaada mkubwa kuliko hotuba.

Ukutani, juu ya jukwaa, fremu ya sheria za shule ilining'inia pale pale ilipokuwa tangu shule ijengwe, herufi nyeusi, kioo kinang'aa. Ya saba ilisomeka hata kutoka nyuma: Nywele za mvulana zisiguse kola wala kufunika masikio.

Mwenyekiti wa bodi, Bwana Pascoe, mwenye duka la dawa, alikuwa mtu wa kupenda amani, hasa amani ya wateja. Alitazama ukumbi, akahesabu kichwani ni wangapi wanaonunua dawa ya kikohozi kwake, akatabasamu.

"Jamani, bodi imeshakaa kabla ya kikao hiki," alisema, "na nadhani tumepata njia. Kijana Ngatama Ruatoe atapewa ruhusa maalumu. Kwa sababu ya mila. Atazifunga nywele nyuma hadi Krismasi, na hatasumbuliwa. Na vijana wengine wa visiwani wenye mila kama hiyo, vivyo hivyo. Sheria inabaki, lakini kwa hawa tutafumba jicho. Bi Ruatoe, unaridhika?"

Minong'ono ya furaha ikapita kwenye viti. Mama mmoja wa kwaya alianza kupiga makofi.

Mereana alisimama. Hicho ndicho kitu alichokitaka. Alikuwa amekuja na hotuba nzima kichwani na sasa haikuhitajika. Kesho alikuwa na zamu ya alfajiri. Neno moja, "Ndiyo", na mtoto anarudi darasani, na mfarishi unamaliziwa, na Krismasi inakuja. Mtu mwenye akili akipewa alichoomba hukipokea, hushukuru, huondoka kabla mtoaji hajabadili mawazo. Hivyo ndivyo alivyoishi maisha yake yote.

"Na Rory je?"

Ilikuwa sauti ya Ngatama. Sauti yenyewe ilikuwa inavunjika siku zile, nusu ya mtoto na nusu ya mzee, na neno la mwisho lilipaa juu kama filimbi. Vijana wa nyuma wakacheka. Yeye alisimama hivyo hivyo, masikio mekundu, kofia mkononi, nywele zote zimeachiwa mgongoni na lile pengo likionekana waziwazi.

"Keti, mwanangu," alisema Mereana kwa kunong'ona.

"Na Rory, Mama? Yeye atafumbiwa jicho na nani?"

"Rory ana mila?" aliuliza Bwana Pascoe kwa upole.

Kwenye mstari wa mwisho kijana mwembamba mwenye nywele nyekundu zilizofika mabegani alijikunyata. Kando yake baba yake, dereva wa lori la magogo, alitazama viatu.

"Hana mila," alisema Ngatama. "Ana kichwa."

Vichwa vikageukia mstari wa mwisho. Upokoina akamvuta Mereana sketi. "Mtoto anasemaje?"

Mereana akamfasiria.

"Rory ndiye yule mwekundu anayemaliza donati zangu?"

"Ndiye, Mama."

"Na akimaliza anaosha vyombo," alisema Upokoina. "Mwambie huyo mwenye duka la dawa kwamba yule naye ni wetu." Kisha akakunja mikono, kama mtu aliyekwisha kuhukumu.

Mereana alimtazama mwanawe. Aliona ameikamata kofia kwa mikono miwili, na aliona kwamba hataketi. Angeweza kumketisha. Alikuwa na jicho la kufanya hivyo, lilikuwa limeketisha wanaume walevi wenye shoka. Lakini alikumbuka mikono ya bibi kizee ikiwa hewani sebuleni kwa Haldane, na jinsi yeye alivyoona kuwa ni upuuzi, na jinsi mtu yule alivyolipokea shungi.

"Bwana mwenyekiti," alisema, "umeniuliza kama ninaridhika. Siridhiki."

"Lakini tumekupa..."

"Mmenipa upenyo, na mlango mmeufunga. Mimi ni nesi. Nimetazama vichwa vya watoto wa shule hii, vyote, vya nywele ndefu na fupi. Chawa nimewakuta kwenye vyote sawasawa. Nimetafuta akili inayokimbia kupitia nywele, sijaiona. Nywele hazisomi, haziandiki, hazimtukani mwalimu. Kama sheria hii ni ya usafi, leteni sabuni. Kama ni ya adabu, huyu kijana amesimama hapa anamsemea mwenzake wakati angeweza kuketi na kushukuru. Mnataka adabu gani zaidi ya hiyo? Mwanangu hataki jicho lenu lifumbwe. Lifumbueni! Iondoeni, kwa wote."

Sauti zilizofuata hazikuwa za kwaya. Baba yake Rory alikuwa amesimama. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele juu ya injini. "Mimi nilisema akate!" aliunguruma. "Nimemwambia kila siku, unafanana na shangazi yako!" Ukumbi ukacheka. "Lakini ni mimi baba yake niliye na haki ya kumwambia hivyo. Si fremu."

Bwana Pascoe alikuwa amepoteza tabasamu. Akageuka upande wa meza ya walimu kama mtu anayetafuta ngazi. "Bwana Haldane. Wewe ndiye mwenye kazi hii. Tuambie bodi."

Bwana Haldane akasimama. Alikuwa amekuja na sufuria. Ilikuwa mbele yake juu ya meza, imesuguliwa mpaka inaakisi taa, na watu wengi walikuwa wameitazama jioni yote bila kuelewa.

"Sipendi nywele ndefu," alisema. "Niwe mkweli. Zinanikera kuanzia asubuhi. Sitazipenda kesho." Aliigusa sufuria kidogo. "Nimewakata wavulana wengi katika shule hii, na kila mmoja alichoniachia ni kunichukia. Nilidhani hiyo ndiyo kazi. Huyu nilimkata, na bibi yake akaniletea chakula, akaniambia kwamba sasa mtoto ni wangu. Mke wangu ameliweka lile shungi juu ya rafu, karibu na saa. Kila nikitaka kujua saa ngapi, naliona." Alimtazama Ngatama. "Nilikata kitu nisichopewa. Hilo ni kosa, na nalisema mbele yenu. Kuhusu sheria, nimejaribu tangu Jumapili kukumbuka ni ya nini. Nimekuta ilikuwepo nilipofika. Basi."

Akaketi. Upokoina, ambaye hakuwa ameelewa neno, alimpungia kama mtu anavyompungia jamaa aliyemaliza kusoma vizuri kanisani.

"Tupige kura," alisema Bwana Pascoe kwa sauti ndogo.

Mikono ya bodi ilipanda. Wa kwanza ulikuwa wa mama wa duka la vitambaa, halafu wa mchungaji, halafu ya wengine, na mwisho, baada ya kutazama ukumbi kwa mara nyingine, wa mwenyekiti mwenyewe. Mmoja tu, mzee wa benki, alibaki amekunja mikono, na hakuna aliyemwonea hasira. Kelele iliyofuata ilitikisa madirisha. Wanaume wa kiwandani walipiga sakafu kwa mabuti. Rory alirushwa juu na watu ambao hakuwajua, nywele zake nyekundu zikapeperuka. Tuteru, ambaye alikuwa bado hajatumia maneno yake ya wiki, alisema, "Vizuri," na akabaki na moja.

"Jamani! Jamani!" Bwana Pascoe alikuwa anagonga meza. "Imepita. Likizo ya Agosti mtunza shule ataishusha fremu, tutaandika upya, tutaleta kwenye bodi..."

"Agosti?" alisema Mereana.

"Kuna utaratibu, Bi Ruatoe. Na ngazi iko stoo, na stoo imefungwa."

"Mkasi haukusubiri Agosti."

Alikuwa ameshapanda jukwaani. Akavuta kiti cha mwenyekiti, mwenyekiti akiwa ndiyo kwanza amesimama, akavua viatu, akapanda. Kiti kikayumba. Mkono ukaja kukishika, mkono mrefu mkavu, na Mereana alipotazama chini aliona kichwa kinachong'aa cha Bwana Haldane.

"Upande wa kushoto skrubu imelegea," alisema Bwana Haldane bila kumtazama. "Anza na huo."

Alitoa mkasi wa bandeji mfukoni. Ncha yake butu iliingia kwenye skrubu kama iliyotengenezewa. Akazungusha. Ukumbi ulianza kuhesabu skrubu kwa sauti, na kwa ile ya mwisho kina mama wa kwaya waliigeuza hesabu kuwa wimbo. Fremu ikashuka mikononi mwa Tuteru na baba yake Rory. Ukutani ikaacha mraba wa rangi safi, nyeupe kuliko ukuta wote.

Wakailaza juu ya meza, wakaondoa kioo. Mereana alitia mkasi chini ya mstari wa saba, kisha akasita. Akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama. Nani anakata?"

Upokoina alikuwa amepandishwa jukwaani na wajukuu wawili. Alitazama karatasi, akamtazama Bwana Haldane, akamtazama Ngatama na lile pengo nyuma ya sikio.

"Siku hii ya nani?" alisema. "Mwenye kichwa akate."

Mereana akampa mwanawe mkasi. Ngatama akamwita Rory kwa kidole, na Rory akaja, akanyoosha karatasi kwa mikono miwili ili isichanike. Mkasi ukala taratibu, kutoka ukingo hadi ukingo, na sheria ya saba ikatoka, ukanda mrefu mwembamba. Upokoina akafungua mkoba wake, akatoa utepe wa manjano, akaufunga ukanda ule fundo zuri, akamwekea mjukuu wake mkononi.

"Aliyekata ndiye mwenyewe," alisema. Kisha akaichukua sufuria yake mezani, akafunua kifuniko, akachungulia.

Ndani zilikuwa keki ndogo za mke wa Haldane, zimejaa hadi juu. Rory alikuwa ameshaanza kuzitazama.